Mechi Isiyohesabiwa

Februari, Magongo. Joto limekaa juu ya mabati
kama mdai aliyeapa haondoki.
Kule Melbourne, saa nane mbele yetu,
kakangu keshakimbia kilomita mbili,
kapimwa pumzi, kapimwa mapaja,
kalazwa ndani ya pipa la barafu.
Barafu! Mama aliposikia akaniuliza:
kwani wamemvua wapi huyu mwanangu
hata wamhifadhi kama nguru?

Dukani kwangu, kati ya simu zilizopasuka vioo,
baraza imeanza kabla ya msimu.
Mbwarali wa pasi ana hoja tatu.
Kocha, asema, mwaka huu kakalia kaa la moto,
akifungwa mechi tano arudishwa kwao.
Nahodha mpya hana sauti.
Na yule fowadi waliyemnunua kwa pesa za meli nzima,
miguu yake ni ya mwaka juzi.
Mbwarali hajawahi kuushika mpira ule.
Mpira wenyewe auita papai.

Shee, kibarua wa mizani bandarini, asema la,
swali ni moja tu:
Chengo atapangwa, hatapangwa?
Wanaovaa ni ishirini na watatu.
Wanaogombea ni arobaini na kitu,
na jina la Chengo liko chini kabisa,
labda limeandikwa kwa penseli.

Nami nimeinamia simu ya mtu, natafuta skrubu,
nasikia kakangu akigeuzwa hesabu.
Sentimita mia moja tisini na nane.
Huruka akamkanyaga mtu mgongoni kwa goti,
akaunyaka mpira huko huko hewani,
na refa hapulizi. Watu husimama wakashangilia.
Hapa Magongo alichapwa kwa hilo hilo,
kuparamia migongo ya watoto wa jirani
akiangua kunazi za Bi Tima.

Siku moja niliwaeleza habari ya milingoti minne.
Ukipitisha katikati, pointi sita.
Ukipotoka kidogo, ukapita pembeni,
wapewa moja.
Baraza ikanyamaza. Pasi ikaunguza kola.
"Ukikosa wapewa?" akauliza Shee,
mtu aliyeikosa kazi ya kudumu mara tatu
asipewe hata nauli.
"Ukikosa kwa karibu," nikamwambia.
"Ukikosa kwa mbali, hupewi kitu."
"Aa," akasema. "Basi huko nako ni hapa."

Jumamosi, saa tano asubuhi, mechi ya kujinoa.
Twaitazama kwenye simu ya mteja, Mungu anisamehe,
yenye ufa uliokata uwanja vipande viwili.
Robo ya tatu Chengo anaingia,
namba arobaini na sita, mikono mirefu
ile ile iliyokuwa ikifikia kopo la sukari.
Anaruka.
Anapotea ndani ya ufa.
Anatokea upande wa pili ameketi, ameshika goti.

"Haidhuru," Mbwarali asema haraka haraka,
"mechi hii haihesabiwi.
Ni ya majaribio. Pointi zake haziandikwi popote."

Mama alikuwa mlangoni, hatukumwona,
ndoo ya maji bado kichwani.
Hakupandisha sauti.
"Na goti je?
Goti nalo ni la majaribio?"

Saa tisa ujumbe ukaingia:
*Wamenipiga picha. Majibu Jumatatu.
Mwambie Mama nimewekwa kwenye barafu, siumwi.*
Nilimwambia haumwi.
Barafu nikaimeza mwenyewe.

Jumapili Mbwarali akaja na hoja ya nne:
nafasi ya Chengo, sasa, atavaa nani?
Ana kijana mmoja machoni, wa mguu wa kushoto.
Nikamsikiliza mpaka akamaliza.
Kisha nikamrudishia simu yake vile vile, kifuniko wazi,
na skrubu zake zote
nimezifunga kwenye kikaratasi.